Sufuria ya Bluu na Ntumba ya Bibi

Mama amekuja Dodoma kunitembelea, na ndani ya mfuko wa salfeti, chini ya unga wa ulezi na maharage, amenibebea sufuria. "Nimechoka kuitunza," alisema, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha mali ya watu. Ni sufuria ya bati, rangi ya bluu, umbo la yai, ndefu kiasi cha kumlaza jogoo mzima akanyoosha miguu. Ukingoni imebonyea vibaya, rangi imebanduka na kutu imeshika, na kwa sababu hiyo mfuniko wake haujawahi kukaa sawa tangu nikiwa darasa la pili. Binti yangu aliuliza nani aliiangusha. Mama akanitazama, mimi nikamtazama, tukaanza kucheka wote wawili mpaka mtoto akakasirika. Hakuna aliyeiangusha, nilimwambia. Ilibonyea kwa jembe la bibi yangu, na aliyemlazimisha kulinyanyua ni mimi.

Wale wa rika langu mliokulia nyanda za juu mnaijua baridi ya Sumbawanga, ile ya asubuhi inayokufanya uoge kwa kujidanganya. Tulikaa Chanji, nyumba ya matofali ya kuchoma, jiko likiwa kibanda cha pembeni, na nyuma ya jiko kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho Mama alipanda mchicha pale alipokumbuka. Baba alikuwa fundi seremala. Mama alipika kwa Mswidi mmoja aliyekuja kuchimba visima vijijini. Jina lake kamili lilitushinda mtaa mzima, tukamwita Bwana Lase. Mwezi wa sita sisi tukivaa masweta mawili mawili yeye alipita na kaptula, magoti yamekuwa mekundu, anasalimia kila mtu kwa furaha. Wakati huo niliamini kabisa kwamba Wazungu hawana mifupa ya kusikia baridi.

Jumamosi moja Bwana Lase aliingia jikoni kwake mwenyewe, akafunga aproni na kumwambia Mama akae. Mama alirudi nyumbani siku ile macho yamemtoka. Alidhani amefukuzwa kazi. Kumbe mtu alikuwa amewakumbuka watu wa kwao. Huko Uswidi, alimweleza, kuna chakula ambacho bibi yake alikuwa akimpikia siku za baridi. Jani la kabichi linachemshwa lilegee, ndani yake unaweka nyama ya kusaga iliyochanganywa na wali na maziwa, unalifunga kama mtoto mchanga, unalizungushia uzi lisifunguke, kisha unalikaanga na kulioka, moja baada ya jingine, mpaka sufuria ijae. Ni kazi ya siku nzima. Bwana Lase hakuwa na siku nzima wala vidole vya kazi hiyo, basi alipika kwa njia ya mkato. Alikatakata kabichi, akaikaanga kwa siagi na asali mpaka ikawa ya kahawia, akatandaza nusu yake kwenye sufuria ya bluu, akaweka nyama na wali katikati, akafunika kwa kabichi iliyobaki, akaingiza ndani ya oveni. "Bibi yangu akiona hii," alimwambia Mama, "mimi nakula fimbo."

Mama aliipenda hadithi ile kuliko chakula chenyewe. Mtu mzima, mwenye gari na mtambo wa kuchimba maji, anaogopa fimbo ya bibi aliyekwisha kufa! Lakini tulipokionja na sisi, hapakuwa na wa kucheka. Mama alijifunza kukipika kwenye jiko la mkaa, akipalia makaa juu ya mfuniko, moto chini, moto juu, na kabichi ya chini ikashika kidogo kwenye asali ikatoa harufu ambayo mpaka leo ikinifikia mahali popote nageuza shingo. Tulikula kwa viazi vya kuchemsha na jemu ya matunda damu pembeni. Jemu kwenye nyama! Nilidhani wamefanya hivyo kwa sababu mkate umekwisha, nikaomba radhi moyoni kwa ajili yao. Bwana Lase alipomaliza kazi yake na kurudi kwao alimwachia Mama sufuria ile, na tangu hapo chakula kile tukakiita kabichi ya mkato, nacho kilipikwa siku za raha tu.

Kisha akaja Bibi. Alikuwa mama yake baba, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, na alitoka kijiji kimoja upande wa Namanyere ambako aliishi na Babu maisha yao yote. Babu alipofariki, Baba alikwenda kumchukua. Hakuuliza sana. Alipakia godoro, kinu, kuku na mama yake kwenye gari la mazao, akamleta mjini, akadhani amemaliza.

Mimi niliona ni sikukuu isiyo na mwisho. Bibi alilala kitanda kimoja na mimi, na joto lake lilikuwa bora kuliko blanketi lolote. Aliniita mke mwenzangu, maana kwa utani wa bibi na mjukuu mimi nilikuwa mke mdogo wa Babu. "Mke mwenzangu, vuta miguu, mume wetu hakuoa barafu," alikuwa akisema, nami nacheka hadi Baba anagonga ukuta. Ndani ya chumba kile alikuwa mchangamfu. Lakini mchana alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mikono imelala mapajani, na sikuwahi kumwona akicheka mbele ya watu wazima. Mama alimpikia, akala kidogo, akashukuru kwa heshima, akasukuma sahani. Mama aliumia. Zamani Bibi aliwahi kusema mbele ya mawifi kwamba mke wa Deo anapika kama anayefukuzwa na mgambo, na maneno hayo Mama hakuyasahau. Kila jioni kabla ya kupakua alikuwa anajifuta uso kwanza kwa upande wa kanga.

"Mama, kama chakula hakikupendezi, niambie nibadilishe," Mama alimwambia siku moja.

"Chakula ni kizuri, mama Yusta. Mimi ndiye sina njaa. Njaa inakuja kwa kazi. Mimi hapa nimewekwa tu kama gunia."

Yalikuwa majira ya mwisho wa mvua. Jirani yetu alifyeka majani ya kiwanja chake akayachoma, moshi ukaingia mpaka kwetu, na Bibi akainuka kwenye kigoda kama aliyeona mtu anapigwa. "Anachoma chakula," alisema. Nilimuuliza chakula gani, maana nilichokiona ni majani tu. Hapo ndipo aliponifundisha ntumba. Wafipa hawachomi majani, alisema. Mvua zikikaribia kwisha unayakata, unayalaza pamoja, unayafunika kwa udongo, unajenga tuta la mviringo linalokufika wewe kiunoni. Hilo ndilo ntumba. Humo ndani majani yanalala gizani, yanaiva polepole, na msimu mwingine ukifika unaipasua, unatawanya ule udongo mweusi, unapanda ulezi. "Ardhi nayo inakula," alisema. "Ntumba ni chungu chake. Wewe unapika, unafunika, unasubiri."

Nikauliza kama mtu anaweza kupika ntumba kisha akaenda zake. Bibi alinikodolea macho. "Nani amekufundisha hivyo? Mtu haachi ntumba yake haijapasuliwa. Kaka yangu aliniita Kipili nikaone ziwa, nikiwa msichana kama shangazi yako. Nikamwambia, ngoja kwanza nipasue. Mpaka leo ziwa sijaliona." Alisema kwa fahari, kama watu wanavyosema hawajawahi kulazwa hospitali. Mimi nilipokea maneno yale pamoja na amri za Mungu tulizokuwa tukikaririshwa kwenye katekisimu wakati ule: usiibe, usiseme uongo, usiache ntumba yako haijapasuliwa. Sikuona tofauti.

Haukupita muda mrefu Bibi akamwambia Baba anataka kurudi. Alisema bila ugomvi. Nyumba ya marehemu haina moshi, alisema, na nyumba isiyo na moshi mchwa wanaitawala. Baba alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. "Utakaa na nani kule, mama? Ukianguka atakuokota nani?" Bibi alijibu kwamba hata huku mjini alikuwa anakaa na kigoda. Ikaamuliwa ataondoka Jumatatu alfajiri kwa basi la Namanyere. Usiku ule alinikumbatia kama kawaida, akanitania kuhusu miguu yangu, akalala. Mimi nililia ndani ya mto mpaka ukalowa, nikaugeuza upande wa pili. Sikuwahi kumpenda mtu vile, na ninasema hivyo nikijua Mama yuko chumba cha pili anafumua nywele za binti yangu na ana masikio makali.

Jumapili Mama aliamua Bibi hataondoka na kumbukumbu ya chakula cha haraka. Alitaka kupika zile kabichi za kufunga, zenyewe, kama za bibi yake Bwana Lase, kila moja na uzi wake. Tuliporudi kanisani alitoa kabichi kubwa, nyama ya kusaga, uzi mweupe wa kushonea, akaanza. Majani yakachanika. Akachemsha mengine, yakachanika pia. Yaliyofungika yalifunguka yalipoona mafuta. Nilikuwa nimeshika uzi, na uzi ulikuwa umenishika mimi, umezunguka vidole na mguu wa meza. Jua lilikwisha kupita utosi. "Basi!" Mama alisema, akatupa uzi. "Mungu anaona nilijaribu." Akachukua kisu, akaikatakata kabichi yote, na harufu ya asali na siagi ikajaa kibandani.

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, namtazama. Alitandaza kabichi chini. Akaweka nyama na wali katikati, akasawazisha kwa mgongo wa kijiko. Akafunika kwa kabichi juu, akagandamiza kwa viganja. Akaweka mfuniko, akapalia makaa. "Sasa tunaiacha iive," akasema.

Majani chini, majani juu, kufunika, kusubiri. Nilikuwa nimeona sufuria ile mara nyingi na kumbe sikuwahi kuiona. Bwana Lase, aliyekuja toka huko kwenye theluji, alikuwa amemfundisha mama yangu ntumba! Na hapo hapo wazo likaja lote kwa mara moja, zima, limeiva. Kama Bibi angekuwa na ntumba yake hapa nyumbani, asingeweza kupanda basi. Yeye mwenyewe alisema. Angelazimika kukaa mpaka msimu wa kuipasua, nao kwa hesabu ya mtoto ulikuwa mbali kama utu uzima.

Chakula kilipoiva Mama alikung'uta makaa, akaiteremsha sufuria, akaenda kwa jirani kuazima sahani za maua. Baba alikuwa mbele ya nyumba na Bibi, wakipokea watu waliokuja kumuaga. Nilichukua kanga mbili za Mama nikaifunga sufuria kila upande, nikaikokota juu ya gunia hadi nyuma ya jiko, kwenye tuta la mchicha lililokwisha, ambako udongo ulikuwa laini. Nilichimba kwa jembe la palizi, nikaiweka humo, nikang'oa majani yote niliyoweza, nikayalundika juu yake, nikafukia, nikapapasa udongo kwa mikono mpaka likawa tuta la mviringo. Halikufika kiunoni. Lilifika kama kwenye goti, lakini nililiona zuri kuliko madhabahu, na nilikuwa nimelowa jasho la furaha.

Mama aliporudi na sahani, nilisikia jina la Mama Bikira Maria. Akatoka kibandani. "Deo! Sufuria imeibiwa!"

Watu wote wakaja. Jirani mmoja alisema ni mbwa. "Mbwa gani huyo," Baba aliuliza, "anabeba sufuria ya moto na mfuniko wake na kanga mbili?" Mwingine akasema ni watoto wa siku hizi, akanitazama, nami nikamtabasamia kwa upole, maana sikuwa na habari kwamba nimefanya jambo la kuficha. Nilisubiri wamalize kelele zao. Kisha nikamshika Bibi mkono.

"Bibi," nilisema, "kesho huwezi kwenda. Nimekutengenezea ntumba."

Nilimwongoza nyuma ya jiko, na watu wakafuata kama msafara wa harusi. Bibi alisimama mbele ya tuta langu akaliangalia kwa muda. Akalizunguka. Akainama, akavuta jani moja lililochomoza.

"Nani amekufundisha kuweka mizizi juu?" aliuliza. "Hii ntumba imevaa nguo kichwani. Na udongo umeupapasa kama unapaka mafuta. Mvua ya kwanza tu, yote itakuwa kwa jirani."

"Ndani kuna kabichi ya Mama," nikasema. "Na nyama."

Bibi akanigeukia polepole. Akamtazama Mama, ambaye alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akatazama tuta, kanga moja ikichungulia kwenye udongo. Kitu kikaanza kumtikisa mabega, nikadhani analia, nikaogopa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya majani, akajipiga mapaja, akalitaja jina la Babu, akamwambia kwa Kifipa aje aone mke wake mdogo alivyopika. Baba hakucheka. Alisimama tu anamtazama mama yake, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Baba alichukua jembe afukue. Bibi akamnyang'anya. "Ya kwangu naipasua mwenyewe." Alitema mate viganjani, akainua jembe, na kwa mara ya kwanza niliona mikono ile mikubwa ikifanya kazi yake. Pigo la kwanza liliondoa udongo. Pigo la pili likalia kwaa! na Mama akapiga yowe kana kwamba amepigwa yeye. Hapo ndipo sufuria ilipobonyea.

Mfuniko ulikuwa umeshikilia kwa bahati tu, chembe ya udongo haikuingia. Baba alipoufungua, mvuke ukatoka pale pale bustanini, na kabichi ilikuwa imelainika, imezama kwenye asali na mchuzi wake, imeiva kuliko siku zote, maana joto lilikosa pa kutokea. Hatukuingia hata ndani. Sahani za jirani zilipakuliwa nyuma ya jiko, viazi vikaja, jemu ikaja, na waliokuja kuaga wakala pia.

Bibi alikula. Alikula sahani nzima, akaifuta kwa kiazi, akanyoosha mkono aongezwe. Mama alikuwa amesimama na mwiko kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Mama Yusta, hii umepikaje?"

"Mama, unisamehe," Mama alisema haraka. "Hii ni njia ya mkato ya yule Mzungu niliyempikia. Yenyewe hasa kila jani linafungwa na uzi. Nilijaribu, mama, nimeshindwa."

"Uzi?" Bibi aliacha kutafuna. "Kabichi ifungwe uzi, ina mpango wa kutoroka?" Akachota tena. "Majani chini, chakula katikati, majani juu. Huyo Mzungu wenu hakukwepa kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wewe mwanangu unapika vizuri. Nilikuwa sijakaa vizuri nikakuonja."

Mama aligeuka upesi akajifanya anatafuta chumvi. Kila mtu alikuwa na furaha, na katikati ya furaha ile mimi niliangalia shimo. Tuta langu lilikuwa limelala pande mbili, udongo umetawanyika, majani yako huku na huku. Ndipo nilipoelewa. Ntumba ilikuwa imepasuliwa. Nilikuwa nimempa Bibi sababu ya kukaa, nasi sote tumeila kwa viazi. Sasa hakukuwa na amri yoyote ya kumzuia.

Nililia kwa sauti, mdomo umejaa wali. Walidhani nimejiunguza, Baba akaja na kikombe cha maji. "Imepasuliwa!" nilimwambia. "Mmeipasua! Sasa ataenda!" Ilibidi nieleze yote katikati ya kwikwi, kaka wa Kipili, ziwa, mtu haachi ntumba yake, na kadiri nilivyoeleza ndivyo kicheko kilivyopungua, mpaka watu wakawa wanaangalia sahani zao. Bibi aliweka sahani yake chini. Aliniweka mapajani, akanifuta kamasi kwa kitenge chake, akaendelea kunipangusa hata pale kamasi zilipokwisha.

Jioni alifunga mizigo. Nilimwona akikunja vitenge, akitia kijiko chake cha mti ndani ya kinu, akikifunga kinu kwa kamba. Kitandani nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili nikaapa kutolala, na bila shaka nikalala.

Niliamshwa na honi ya basi. Kulikuwa kunapambazuka, na kitanda upande wake kilikuwa baridi. Sikuvaa viatu. Nilikimbia sebuleni, mizigo haipo mlangoni. Nilikimbia nje, barabarani hakuna mtu, na honi ikalia tena mbali, upande wa kwenda Namanyere, ikapotea. Nilisimama kwenye umande na gauni la kulalia, nikahisi dunia imeniacha peke yangu na miguu yangu ya barafu.

Kisha nikasikia jembe nyuma ya jiko.

Bibi alikuwa amefunga kitenge kiunoni, pumzi inamtoka kama moshi. Majani yale ya jana alikuwa ameyakusanya, akaongeza mengine aliyoyafyeka upande wa jirani, yale ambayo hayakuwahi kuchomwa. Tuta moja lilikuwa limekwisha simama, la mviringo, refu, mizizi chini. La pili lilikuwa nusu. Kinu chake kilikuwa pembeni, kimefunguliwa kamba. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo, bado amevaa koti la safari, anamtazama.

"Basi limeondoka?" Bibi aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Limeondoka."

"Ehee. Lina haraka zake." Akapiga jembe. "Ya kwako ilikuwa mbovu, mke mwenzangu, lakini wazo lilikuwa zuri. Sogea, unakanyaga majani."

Alikaa nasi miaka mingi. Msimu ulipofika alipasua ntumba zake nyuma ya jiko, akapanda ulezi, akavuna mwingi kiasi cha kugawia mtaa. Lakini nilipokuwa mkubwa kidogo nilikuja kugundua hila yake. Kila mwaka alijenga nyingine mpya kabla za zamani hazijapasuliwa zote. Hapakuwa na siku hata moja ambayo angeweza kuondoka kwa mujibu wa sheria yake mwenyewe. Nilimuuliza, akaniambia nichunge adabu. Na kila alipojenga ntumba mpya Mama alipika kabichi ya mkato, mvuke ukitoka pale penye mbonyeo, wakaila wawili wao kwanza, jikoni, wakicheka mambo yao. Siku aliyofariki aliacha moja ambayo haijapasuliwa. Mimi na Mama ndio tulioipasua, tukiwa tumevaa nguo nyeusi, na udongo wake ulikuwa mweusi na laini kiasi kwamba Mama aliushika mkononi akashindwa kuutupa.

Sasa Mama ana umri uleule aliokuwa nao Bibi alipoletwa mjini. Baba hayupo, nyumba ya Chanji ni kubwa kwa mtu mmoja, na mimi kila simu nambembeleza ahamie huku. Safari hii amekuja kwa wiki mbili tu, amesisitiza, maana ana kuku. Juzi alipika kwenye sufuria ya bluu. Binti yangu aliona jemu kwenye nyama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mkate umekwisha. Nilicheka mpaka nikaweka kijiko chini.

Leo asubuhi nilimkuta Mama nyuma ya jiko langu, amesimama kwenye udongo huu mwekundu mgumu wa Dodoma, anausukuma kwa kidole cha mguu. Mtunza bustani wa jirani alikuwa amefyeka majani, ameyalundika kwenye uzio tayari kuyachoma.

"Hapa panalimwa na nani?" Mama aliuliza.

"Hapalimwi na mtu."

Aliyaangalia yale majani kwa muda, uso umekunjamana kama wa mtu anayeona chakula kikimwagwa. "Mwambie huyo kijana asiyachome," alisema. "Na una jembe humu ndani?"

Nikaenda kumletea jembe. Nililiweka mkononi mwake nikarudi ndani, nikafunga mlango polepole, nisije nikaharibu.